Mwaka Tuliong'oa Meno ya Mashine

Skrini ya kompyuta ilikuwa mahali pake, juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kwa kitambaa cheupe cha kufuma ambacho ncha zake zimegeuka manjano. Juu ya kitambaa palikuwa na picha ya Bizimana kwenye fremu, na mbele ya picha sahani ya bati iliyofunikwa kwa sahani nyingine ya bati. Nilikuwa nimeingia Goma asubuhi hiyo kwa miguu kupitia mpaka wa Gisenyi, kwa sababu uwanja wa ndege umefungwa na mji umeshikwa na watawala wengine tena, na begi langu lilikuwa bado mgongoni. Wanawake wa matanga waliokaa kwenye mikeka walinisogezea nafasi bila kuniuliza mimi ni nani. Mama Veredi alikuwa amelazwa chumba cha pili. Nilikuja kumzika yeye, lakini kitu cha kwanza nilichokitazama ni ile skrini, na shingo yangu ikauma palepale ilipouma siku nilipoibeba kichwani hadi ng'ambo ya mpaka. Zaidi ya miaka ishirini imepita. Nimeishi Bujumbura, Kigoma, Kampala, Lubumbashi, na Kigoma tena. Shingo haikusahau.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza sekondari na sikuwa na mahali pa kwenda. Waasi ndio walioshika mji, ndege zilitua zikiwa zimebeba watu wa bunduki na kuondoka zimebeba mawe ya madini ya Masisi, na sisi vijana tulikaa vibarazani tukizitazama. Papa Amisi, mzee wa Kiislamu mwenye asili ya Maniema aliyekuwa na depo, yaani ghala, ya vyakula mtaani Birere, ndiye aliyeniambia kwamba kuna chuo kikuu kinatafuta mtu wa kupiga chapa bila kutazama vidole. Mimi niliweza. Nilikwenda nikiwa nimevaa viatu vya dada yangu, nikakuta si jengo la chuo nililolifikiria, bali nyumba ya kukodi karibu na barabara ya mpaka, yenye ua wa mawe meusi na mgomba mmoja. Hiyo ilikuwa idara ya infomatiki ya biashara. Sebule ndiyo ilikuwa chumba cha mashine, ndivyo tulivyoziita kompyuta. Madirisha yalizibwa kwa vitenge vya zamani ili vumbi la lava kavu lisiingie, kwa hiyo mchana ulikuwa na rangi ya chai. Bafuni, ndani ya karai kubwa la kuogea ambalo halikuwa limeona maji tangu wenye nyumba wakimbie vita ya kwanza, ndimo zilimohifadhiwa karatasi za mitihani. Jenereta ilinguruma chini ya mgomba, na mgomba ule ulikuwa umekauka upande mmoja kwa moshi wake. Wanafunzi walikuwa wengi kuliko mashine, hivyo walijifunza kuandika programu ubaoni kwa chaki, na aliyekosea alifutiwa na wenzake wakamcheka: "Programu yako imepata malaria!"

Mkuu wa idara tulimwita Chef. Alikuwa mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, na sentensi zake nyingi zilianza na "kwa sasa." Lakini kazi ilikuwa ya Bizimana. Cheo chake kilikuwa kile kinachofuata chini ya profesa, chef de travaux, na mji mzima ulikifupisha ukamwita CT. Alikuwa amekulia Kiwanja, kwenye soko la maharagwe, na utafiti wake wa udaktari ulitoka hukohuko. Alitaka kujua wafanyabiashara wa Goma wanapataje habari: nani anajua bei ya maharagwe Kiwanja kabla ya lori kuondoka, nani anajua samaki wametoka wengi kwenye ufuko wa Kituku, nani anakaa na mali hadi inaoza kwa kukosa habari tu. Halafu alitaka mashine iwasaidie. Aliandika programu ambayo mtu angeifungua na kuona depo zote, kilichomo na kinachokosekana, na barabara ipi imefungwa. Mimi niliingiza yale yote aliyoyakusanya kwa miguu yake. Aliyasoma kwa sauti amesimama nyuma yangu, akila karanga, na maganda yakaangukia mabegani mwangu.

Mama yake ndiye aliyetulisha. Mama Veredi alipika kwenye ukumbi mdogo nyuma ya sebule, na walimu na wanafunzi wenye chochote walikula kwake saa sita: bugali, sombe ya majani ya muhogo, na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, aliowakaanga hadi wakalia wakitafunwa. Dirisha la jiko lilifungukia chumba cha mashine, kwa hiyo nilikaa mchana kutwa vidole vikiwa kwenye bei za Kiwanja na masikio kwenye maneno ya jikoni. Nilijua nani ameolewa, askari gani amehamishwa, nani alionekana Gisenyi na kitenge kisicho chake. "CT wako ana miaka mingapi sasa?" mwanamke mmoja alimwuliza siku moja. "Ana miaka ya mutu mwenye watoto watatu," Mama Veredi akajibu kwa sauti iliyokusudiwa kupita dirishani. "Lakini yeye amezaa programu. Sijui nitaibeba namna gani mgongoni." CT hakugeuka. Akaniambia polepole, "Riziki, usiingize hiyo."

Siku alipowaita wafanyabiashara wa kwanza waje kujiona, Papa Amisi alikuja na kanzu iliyopigwa pasi, akakaa kwenye kiti changu, na mikono akaiweka magotini kama mtu aliye mbele ya kadhi. CT akamfungulia depo yake kwenye skrini. Mistari ya kijani ikaonekana: maharagwe, mchele, chumvi, mafuta ya mawese.

"Hii njo depo yangu?"

"Njo yenyewe, Papa."

"Mbona haina panya? Weka panya, CT. Bila panya mutu ataona umedanganya."

Tulicheka sote, hata Chef. Kisha mzee akaacha kucheka. "Sasa sikia. Mutu akijua nina nini ndani, anaweza kuninunulia. Anaweza pia kuja kunichukua. Mashine hii inasemea nani?" Mwezi uleule muuza vitenge mmoja alikuwa amechukuliwa dukani kwake mchana, na mkewe alikuwa bado anazunguka ofisi moja hadi nyingine. CT akamwambia kwamba majina hayatatoka mle ndani. Watu wangeona bei na mali, si nani anazo wala ziko mlango gani. "Neno langu, Papa."

"Neno la mutu wa chuo kikuu ao neno la mutoto wa Mama Veredi?"

"La mutoto wa Mama Veredi."

"Bon. Andika."

Baada ya hapo walikuja wengine, na ndani ya miezi michache nilikuwa nimepitisha vidoleni mwangu karibu kila gunia la Birere. Sikuwa nimewahi kujisikia mtu anayeujua mji. Nikipita sokoni nilijua nyuma ya kila mlango kuna nini, na nilitembea nimenyoosha mgongo.

Lazima nieleze jambo la meno, kwa sababu bila hilo siku ile haieleweki. Katika vita zilizotangulia waporaji walikuwa wamebeba mashine za idara hadi nyaya zake. Zilipopatikana nyingine, za msaada, tayari zimechoka, idara ikajiwekea desturi. Kila jioni kabla ya kufunga tulifungua matumbo ya mashine na kutoa diski, kile kisanduku cha chuma kinachoenea kiganjani ambamo mashine huhifadhi yote inayoyajua. Tulizifunga kwa vitambaa, tukazitia kwenye kopo kubwa la maziwa ya unga, na kopo likaenda kulala mahali pengine. Asubuhi lilirudi na tukazirudisha. Tuliita kung'oa meno. "Tayari kibogoyo?" Chef aliuliza akiwa mlangoni na funguo. "Tayari kibogoyo," tukajibu. Mwizi akija angechukua bati tupu. Hatukuwa na nakala. Disketi za sokoni zilikufa zenyewe kwa vumbi, na CT hakupenda nakala. Alisema kitu kikiwa kimoja unajua kilipo. Wageni kutoka vyuo vya mbali waliiona desturi hiyo wakastaajabu, na sisi tulijivuna kidogo.

Mwanzoni kopo lililala kwa Chef. Kisha akaja yule bwana. Alikuwa amevaa koti na viatu vilivyong'aa ingawa barabara ni vumbi tupu, na alijitambulisha kwamba ametoka kwenye utawala, bila kusema sehemu gani. Chef akamletea Fanta mwenyewe. Yule bwana aliongea kwa upole sana. Alikuwa amesikia kwamba depo zote za Goma zimo ndani ya mashine zetu. Akasema ni kazi nzuri, ya wazalendo, na utawala ungeweza kuitumia.

"Haijaisha, Mukubwa," CT akasema.

"Itaisha lini?"

"Utafiti hauna haraka."

"Sisi tuna haraka."

Ilikuwa saa sita, na mgeni aliyekukuta ukipakua hanyimwi chakula, basi Mama Veredi akamletea sahani. Alikula yote. Akaisifu sombe, akaramba vidole, akauliza kama ni karanga zilizotiwa ndani. Alipoondoka alisema, "Nitarudi," kama anavyosema jirani. Mama Veredi aliosha ile sahani, akaitazama, akaiosha tena. Chef akakaa chini. "Kwa sasa," akasema, "tuwape kidogo. Tuwape bei." CT akamwambia kwamba wakishapewa bei watauliza mlango. Jioni ileile kopo likaacha kulala kwa Chef, kwa sababu nyumba ya Chef ingekuwa ya kwanza kupekuliwa. Likaanza kulala kwa Papa Amisi, Birere, katika shimo chini ya magunia yake ya maharagwe. "Panya wangu watalilinda," mzee alisema. Funguo ya depo ilikuwa moja tu, na aliivaa shingoni kwa kamba.

Mlima wa moto wa Nyiragongo ulikuwa umeshaanza kusema, lakini hatukuwa tunausikiliza mlima. Mama Veredi alileta habari kutoka sokoni kwamba wanawake wa Munigi, miguuni pa mlima, wanalalamika mashamba yana joto, migomba inakauka ikiwa imesimama, na mvuke unatoka kwenye nyufa. Alisema hayo akipakua. Chef akajibu bila kuinua kichwa, "Mama, sisi si idara ya volkano." Tulicheka. Nimeyakumbuka maneno hayo katika miji yote niliyopita. Masikio yetu mwaka ule yalikuwa yamegeukia viatu barabarani, magari yasiyo na namba, sauti ya mlango wa jirani. Tuliwajua watu wa kuogopwa na tulikuwa tumejiandaa kwa ajili yao vizuri sana.

Siku yenyewe CT hakuwepo asubuhi. Alikuwa amekwenda Kituku alfajiri kuchukua bei za samaki mitumbwi inapofika, na jana yake alimwomba Chef atume mtu alete kopo. Ardhi ilitetemeka tangu alfajiri na Chef akaona siku ile hakutakuwa na kazi, kwa hiyo hakutuma mtu. Moshi ulisimama juu ya Nyiragongo kama ukuta. Kufikia saa sita majivu yalikuwa yanaanguka kwenye sambaza za Mama Veredi na akawa anayapuliza. Kisha barabara ikajaa watu kutoka upande wa Munigi, magodoro vichwani, mbuzi, masufuria, mwanamke mmoja amebeba mlango. Hawakupiga kelele. Hilo ndilo lililotutisha. Mvulana mmoja alisema tu akipita, "Iko inakuja kwenye barabara, inapita kama gari."

"Mashine!" Chef akapaza sauti. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. "Mashine kwanza!" Akasimamisha mtu wa chukudu, ile baiskeli kubwa ya mbao isiyo na pedali wanayobebea magunia, na tukazifunga juu yake kwa kamba ya kuanikia nguo, moja juu ya nyingine. Wanafunzi waliokuwepo walibeba kibodi makwapani. Mimi nilipewa skrini ya CT, iliyokuwa nzito kuliko zote, na ubavuni alikuwa ameibandika kipande cha plasta alichoandika USIGUSE. Mama Veredi alikataa kuondoka bila chakula. Aliacha sufuria ya maharagwe kwenye moto, akabeba sambaza, bugali iliyopoa, na sahani zake za bati. Tukaenda hivyo hadi mpakani katikati ya umati, na watu walitupisha walipoona mashine, na Chef alitembea mbele akiwa na miwani imejaa majivu. Nitasema ukweli: tulikuwa na furaha. Nyuma yetu mji ulikuwa unaungua na sisi tulijiona washindi. Safari hii hatukuporwa. Safari hii tuliokoa idara nzima.

Tulipovuka tulijipanga kando ya barabara kwenye nyasi, upande wa Gisenyi, tukashusha mzigo. Papa Amisi alikuwa hapohapo na wake zake na wajukuu, ameketi juu ya gunia moja. CT akatukuta kabla ya jua kushuka. Alikuwa amekuja mbio kutoka Kituku, suruali imelowa hadi magotini, na alipotuona na mashine zimepangwa kwenye nyasi kama darasani akacheka, akamkumbatia Chef, akapigapiga kila mashine mgongoni. Kisha mkono wake ukasimama. Akainama, akasukuma kifuniko cha ile ya kwanza pembeni, akatazama ndani.

"Meno yako wapi?"

Chef alivua miwani. Nilimwona akielewa, polepole, na uso wake ukazeeka mbele yetu. Tulikuwa tumebeba mabati. Kila kitu tulichokijua kilikuwa kimelala Birere, mahali ambapo hakuna mwizi angekipata.

CT hakumlaumu mtu. Alimwendea Papa Amisi akachuchumaa mbele yake. Nilikuwa nimekaa karibu, nikisugua shingo, na nilisikia yote.

"Papa, funguo."

"Mutoto wangu, Birere inaungua."

"Upande wenu?"

"Nilipotoka ilikuwa bado. Lakini vijana wameanza kuvunja milango, wanabeba."

Natamani mzee asingesema hayo ya milango. CT alikuwa tayari ameanza kutikisa kichwa kama mtu anayekubali kupoteza, kisha akakituliza kichwa chake. "Kama wanavunja, wataona shimo. Wataona kopo. Watu wa kununua diski wako, Papa, tunawajua. Yule bwana atakaa nayo mezani, na majina yenu yote."

"Acha achukue majina. Langu kila mutu analijua."

"Lako ndiyo. Na ya wale wengine? Ni mimi niliwaambia hayatatoka."

Mzee akainamisha kichwa, akatoa kamba shingoni, akampa. Kama alivyoniambia baadaye, alifikiri kijana atauona moto akiwa mbali na atarudi mwenyewe. Birere si mbali na mpaka. Mama Veredi alikuwa ameshapakua. Alisimama na sahani mkononi, hajasikia lolote, ameona tu mwanawe anageukia alikotoka.

"Bizi! Kula kwanza."

"Niko naenda na kurudi, Mama. Ni hapa tu."

"Kula kwanza, mwana wanjye." Mwanangu, kwa lugha ya nyumbani kwao.

Alirudi hatua chache, akachukua sambaza mmoja, akamtafuna amesimama. "Funika," akasema. "Nakuja kumaliza." Akaingia kwenye umati akipishana nao, yeye peke yake akienda upande ule, na kwa muda niliweza kumfuata kwa macho kwa sababu ya suruali iliyolowa.

Mama Veredi alifunika sahani kwa sahani, akaiweka juu ya skrini, mahali pa juu ambapo watoto hawangefika.

Usiku ule sitauandika. Asubuhi yake sahani ilikuwa palepale.

Tulirudi siku chache baadaye kama watu wote walivyorudi, tukipita juu ya lava ambayo bado ilikuwa na joto, soli za viatu zikinata. Idara ilikuwa nzima. Lava haikufika mtaa ule. Vitenge vilikuwa bado madirishani, mitihani bafuni, na kwenye jiko sufuria ya maharagwe imeungua chini na kufanya utando wa majivu juu. Tungeziacha mashine zisingeguswa. Chef aliingia sebuleni, akasimama kati ya alama za vumbi zilizoonyesha mahali kila mashine ilipokuwa, akalia kwa sauti kama mtoto. Birere, upande wa depo, palikuwa uwanja mweusi wenye moshi. Papa Amisi alizunguka juu yake na fimbo, akipima kwa macho kutoka kwenye ukuta mmoja uliobaki. "Nafikiri hapa niko juu ya mlango," aliniambia. Kisha akasogea. "Ao hapa." Mtu wa chukudu, aliyekuwa amerudi Birere kutafuta mzigo mwingine, ndiye wa mwisho aliyemwona CT. Alisema waporaji walikuwa bado mtaa wa pili. Alimwona akifungua kufuli, hakuvunja, alifungua na kuitundika kufuli kwenye pete yake kama mtu aliyefika kazini asubuhi, akaingia. Baadaye lava ikaja kutoka nyuma, si mbele ambako wote walikuwa wanaitazamia. Hakukuwa na cha kuzika.

Yule bwana alirudi, kama alivyosema. Viatu vyake safari hii vilikuwa vimeungua soli kama vya kila mtu. Akauliza kuhusu ile kazi. Chef alikuwa amebadilika, hakumletea Fanta. "Imeungua," akasema. "Na aliyekuwa anaijua ameungua nayo." Yule bwana alitazama mashine zilizorudishwa mahali pake, akafungua moja mwenyewe, akaona utupu. Mama Veredi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, nyuma yake sufuria inafuka.

"Mama, kuna chakula?"

"Hakuna," akasema.

Alitazama mvuke, akamtazama yeye, akaondoka. Majina hayakutoka. Najua wapo waliokaa Goma wakafanya biashara na kuzeeka, wasiojua kwamba walikuwa ndani ya kopo lile, na nani alikwenda kuwatoa.

Chef alipohesabu vifaa aliomba skrini, kwa heshima, kwa sababu Mama Veredi alikuwa ameipeleka nyumbani kwake. Mama akamjibu kwamba atairudisha kwa mwenyewe, mwanawe. Chef hakuomba tena. Baadaye zikaletwa diski mpya na nikaambiwa nianze upya, lakini nilikaa mbele ya mashine na vidole havikujua pa kwenda. Depo nilizozijua hazikuwepo. Kiangazi kilipofika nikapanda boti kwenda Bukavu, na tangu hapo sijakaa. Watu huniuliza ninatafuta nini. Sitafuti kitu. Ila siwezi kulala mahali ambapo kitu ninachokipenda kimelazwa mahali pengine. Vyote nilivyonavyo vimo kwenye begi, na begi nalalia.

Kwenye matanga, jamaa walikuwa wanabishana kama Mama Veredi azikwe na ile skrini. Mjukuu mmoja alitaka itupwe. Alisema hata fundi wa vyuma chakavu haitaki. Pasta alisema kanisa linazika watu. Consolata, dada mkubwa wa CT, aliyenipigia simu Kigoma, alikaa akikunja na kukunjua kitambaa cha mama yake. Ndipo Papa Amisi akaletwa, ameshikwa mikono pande zote, mzee kupita kiasi, macho meupe. Walimkalisha chini ya turubai uani. Aliuliza nani yuko, akaambiwa Riziki yuko, akanyoosha mkono hewani hadi nikaushika.

"Binti, huyu mama nilikuwa namsubiri anilaumu," akasema. "Kila sikukuu nilimtumia mchele, na kila mara aliupokea akanirudishia sahani ya sambaza. Sikumwambia kitu, na yeye hakuniambia kitu." Akanivuta karibu. "Ile mashine bado iko?"

"Iko."

"Aende nayo. Mutoto wake hana kaburi."

Alisema kwa sauti ya kawaida tu, lakini ubishi uliisha. Pasta alitazama viatu vyake. Vijana wakataka kuipakia kwenye pikipiki, nikawaambia hapana. Nilikunja kitenge nikakiweka utosini, Consolata na mjukuu wakaninyanyulia. Plasta ilikuwa bado ubavuni, herufi zimefifia. Nilifuata jeneza hadi makaburini, upande wa Munigi, ambako ardhi yote ni lava na kaburi halichimbwi kwa jembe bali kwa mitalimbo. Wachimbaji walipotuona mmoja akapiga mluzi. "Mama, televizio nayo inakufa?"

"Ni ya mutoto wake," Papa Amisi akasema kutoka kwenye kiti chake. "Ongezeni shimo kwa upande wa kuume."

Hawakutania tena. Waliteremka shimoni, wakaanza kupiga jiwe lile jeusi, na lilitoka kidogokidogo, vipande vya ukubwa wa ngumi. Ilichukua muda mrefu. Watu walikaa juu ya mawe, wengine wakaondoka. Consolata alikuwa amesimama pembeni yangu na sahani mbili za bati, moja imefunika nyingine.

"Riziki, tua upumzike," akaniambia. "Shingo yako."

Nikamwambia wamalize kwanza.